Babu alikuwa mwanajeshi, alafu akajitolea kijijini miaka 30: wasifu wake tuuanzie wapi?

Marahaba mwanangu, na pole sana wewe, bibi na ukoo mzima. Mwaka unakaribia kutimia ila najua nyumba iliyozoea mzee wa namna hiyo ikishaondokewa haikai sawa haraka.

Kwa wengine wanaosoma, swali la huyu binti kwa kifupi ni hivi. Babu yake, mtu wa Musoma vijijini, aliingia JWTZ 1969, akapigana vita vya Kagera, akastaafu 1991 na cheo cha Sajinitaji, akarudi kijijini, na kuanzia hapo mpaka miguu ilipogoma alikuwa mtu wa kujitolea tu: kamati ya maji, Msalaba Mwekundu, kuchimba makaburi ya watu wasio na ndugu. Siku ya mazishi MC alisoma wasifu wa nusu ukurasa ulioandikwa usiku wa matanga, alizaliwa, alisoma, alijiunga, alistaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu, basi. Sasa familia inajiandaa na kumbukumbu ya mwaka mmoja na wanataka wasifu wa maana, wa kusomwa kanisani na wa kuchapisha kijitabu. Shida ni kwamba babu hakuwa mtu wa kusimulia vita, baba wadogo kila mmoja ana hadithi yake, na kwenye tranka wamekuta nishani mbili, kadi ya Msalaba Mwekundu, picha chache na kaunta buku tatu za kamati ya maji. Anauliza waanzie wapi, na ile miaka babu alipokuwa anakunywa sana baada ya kurudi vitani waiandike au waiache.

Mwanangu, anzeni na zile kaunta buku. Najua familia nzima macho yako kwenye nishani, ni kawaida, kila nyumba ya mwanajeshi niliyowahi kukaa nayo kukusanya kumbukumbu za wazee wa Kagera iko hivyo hivyo, watu wanataka vita. Ila piga hesabu mwenyewe. Jeshini babu alikaa miaka 22. Vita yenyewe, tangu Idi Amin avamie mwishoni mwa Oktoba 1978 mpaka majeshi yetu yafike mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979, ni kama miezi saba. Kijijini, bila mshahara, bila kombati, bila mtu wa kumpigia saluti, alifanya kazi zaidi ya miaka 30. Ukiandika kurasa kumi za vita na mistari miwili ya "pia alikuwa mwanajamii mzuri" utakuwa umemzika nusu, tena nusu kubwa, na ndo nusu ambayo mashahidi wake bado wapo hai hapo kijijini wanachota maji.

Zile picha za kurasa ulizonitumia nimezikuza nikazisoma mstari kwa mstari, naomba na wewe uzisome tena polepole. Angalia ukurasa wa michango wa mwaka 1993. Kapiga mistari kwa rula, safu tano: tarehe, kitongoji, jina, kiasi, sahihi. Wasiojua kuandika wameweka dole gumba na pembeni yake kaandika jina la shahidi aliyekuwepo. Alafu muda wa vikao, hakuandika saa moja asubuhi kama mimi na wewe, kaandika 0700, na pale watu walipochelewa kaandika "kikao kimeanza 0740, wajumbe 4 hawapo" na majina yao yapo. Huyo ni mwanajeshi mwanangu. Mtu alishavua magwanda miaka miwili nyuma lakini mkono bado unaandika kama yuko kombania.

Na kitu kingine kwenye ukurasa huo huo, mstari wa kumi na kitu, kuna jina la mama mmoja, sehemu ya kiasi hakuandika shilingi, kaandika kwa penseli "mjane, asitozwe". Ukienda ukurasa unaofuata lipo tena, na mwaka uliofuata lipo, na kwenye safu ya sahihi kaweka sahihi yake yeye babu. Sijui kama umeelewa maana yake. Hela ya kisima ilitakiwa itimie, hesabu ya kijiji isingefunga ikiwa na pengo, na mwenye kuweka sahihi ndo mwenye kubeba. Mimi nahisi alikuwa analipa yeye, ila kuhisi hakutoshi kuandikwa kwenye wasifu, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumtafuta yule mama kama yuko hai, au watoto wake, uwaulize. Usiende na majibu mdomoni. Waulize tu, ile michango ya kisima miaka ile nyie mlikuwa mnatoaje? Alafu nyamaza wasimulie wao.

Kisima chenyewe nacho msikiandike hewani hewani. Miaka ile kanda ya ziwa, yaani Kagera, Mara na Mwanza, kulikuwa na mradi wa HESAWA, ulianza 1985 kwa fedha za Sweden, na utaratibu wake ulikuwa kijiji kiwe na kamati, kichangie, kitoe nguvu kazi na kiwe na watu wake wa kutunza pampu baada ya wafadhili kuondoka. Nchi nzima imejaa pampu za miaka ile zilizokufa kwa kukosa mtu wa kubadilisha washa ya shilingi chache. Kama ya kwenu ilidumu, na wewe unasema mpaka unamaliza darasa la saba mlikuwa mnachota pale, basi kuna mtu alikuwa anaifungua, anaitia grisi na kufunga tena, na kwenye kaunta buku ya pili naona "spana 2, grisi, washa 6, nimenunua Musoma mjini, nauli yangu". Nauli yangu! Neno moja hilo linamweleza babu kuliko sifa zote za MC. Mwulize fundi aliyekuwa naye, mwulize mwenyekiti wa kijiji wa zamani, waulize kina mama waliokuwa wanapanga ndoo foleni maana wao ndo waliokuwa wanamwona kila siku. Na watu wa kamati mlete hata yule aliyekuwa anagombana naye, kila kamati ina mtu wa hivyo, mara nyingi ndo anakumbuka vizuri zaidi.

Sasa twende kwenye vita, maana najua baba wadogo hawataniacha.

Nyuma ya jalada la kaunta buku ya kwanza, ndani, umepiga picha pembeni pembeni karibu uikose, kuna mstari wa majina ya sehemu kwa herufi ndogo: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, Mpigi, Entebbe, K'la, yaani Kampala. Hakuna tarehe, hakuna maelezo. Hiyo ndo kumbukumbu yake yote ya vita kwa mkono wake na kwa mtu wa aina yake ni nyingi sana.

Tuisome basi. Daraja la Kyaka, Waganda walilibomoa tarehe 3 Novemba 1978, siku moja baada ya Mwalimu kulihutubia taifa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia. Mutukula imechukuliwa Januari 1979. Masaka imeanguka Februari 24. Wakati huo huo upande wa magharibi brigedi nyingine ilikuwa inaenda Mbarara, kwa hiyo baba yako mkubwa anayesema babu aliingia Mbarara na yule mwingine anayesema aliingia Masaka hawawezi kuwa sahihi wote, na mkono wa babu mwenyewe umesema Masaka. Lukaya ni Machi 10 na 11, pale kwenye kinamasi, ambapo Gaddafi alileta askari wake kumsaidia Amin, usiku wa kwanza vijana wetu walirudishwa nyuma, na Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ikazunguka usiku ili alfajiri iwe upande wa nyuma wa adui. Brigedi hiyo hiyo ndo iliyoingia Entebbe Aprili 7. Mtu mwenye Lukaya, Mpigi na Entebbe kwenye orodha moja inaelekea sana alikuwa 208, ila andikeni hivyo hivyo, "inaelekea", mpaka mpate hati au mtu aliyekuwa naye. Kampala imeanguka Aprili 10 kuamkia 11. Na orodha inaishia hapo. Wenzake walisonga mbele, Jinja tarehe 22, wengine Mbale, Lira, Gulu mpaka Arua, ila yeye hakuandika Jinja. Kwa hiyo ile hadithi kwamba alifika mpaka wa Sudan mimi ningeiweka pembeni kwanza, inawezekana aliumwa, inawezekana kikosi chake kiliachwa kulinda Kampala, tafuteni.

Na ile ya kwamba yeye ndo alikuwa mtu wa kwanza kuingia ikulu ya Amin, mwanangu, nimeshaisikia kwa wazee wengi mno. Siwalaumu baba zako, mtoto akikulia nyumba ambayo baba hasimulii, lazima ajaze mwenyewe. Ongea nao kwa heshima kabla ya kuandika, mmoja mmoja, usiwaumbue kwenye kikao cha familia. Wakishikilia, andika "wanawe wanakumbuka kwamba..." na hapo hujadanganya wala hujamvunjia mtu heshima. Kitu ambacho usikubali kabisa ni kupandisha cheo. Umesema mmoja anataka iandikwe Kapteni kwa sababu kijijini walikuwa wanamwita hivyo. Andika Sajinitaji, alafu andika kwamba kijijini walimwita Kapteni, vyote viwili ni kweli na vyote vinapendeza. Sajinitaji sio cheo cha kuonea aibu, ndo mtu anayejua majina ya askari wote na nani hana soksi.

Wa kuwauliza kuhusu vita bado wapo ila muda hauwasubiri, kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo anakaribia 70 na kuna waliokuwa wakubwa zaidi. Wapate kupitia chama cha wanajeshi wastaafu mkoani kwenu, au mwambie bibi akutajie alikuwa anakaa na nani siku za pensheni pale benki, wale wazee wanajuana wote. Na ukiwapata, usiulize "vita ilikuwaje?" Swali hilo linamfunga mtu mdomo, au anakupa yale ya redioni. Uliza vitu vidogo: mlikuwa mnakula nini njiani? Viatu vilidumu? Mlilala wapi usiku wa kuamkia Lukaya? Barua kutoka nyumbani zilifikaje? Nani alikuwa anawachekesha? Mzee mmoja niliyemuuliza habari ya chakula alianza na maharage akaishia kunisimulia mwenzake aliyefia mikononi mwake, sikumuuliza hilo na nisingelithubutu, alifika mwenyewe kwa njia yake. Akikaa kimya, acha akae kimya. Akisema inatosha, funga daftari, mshukuru, mletee sukari siku nyingine.

Alafu kuna hili la Mwanza, ambalo kwenye ujumbe wako uliliandika kwa mstari mmoja kama kitu kidogo na mimi ndo limenikalisha macho. Umesema bibi anakumbuka mwaka 1996 babu alisikia redio, akachukua shati moja na kadi yake ya Msalaba Mwekundu akaenda Mwanza, akakaa huko karibu wiki tatu, na aliporudi hakusema kitu zaidi ya kuomba maji ya kuoga. Mwanangu, Mei 21 mwaka 1996 ndo siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, wanafunzi, akina mama wa biashara, familia nzima nzima, na miili ilitolewa ziwani siku nyingi, mingi ikazikwa Igoma kwa sababu haikutambulika. Kazi ile ilifanywa na wanajeshi, wazamiaji na watu wa kujitolea ambao majina yao hayapo popote. Kama babu alikuwa mmoja wao, na tarehe za bibi zinaonyesha hivyo, basi mzee wa miaka kama 48 aliyeshaona maiti za kutosha maisha yake alisikia redio akaenda tena kwa hiari yake kwa sababu alijua ni kazi ambayo vijana hawaiwezi. Hilo nyumbani kwenu halijulikani! Nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu mkoani na hiyo kadi, uliza kama kuna mzee yeyote wa miaka ile aliyekwenda. Tazama tarehe na mihuri kwenye kadi pande zote. Na mwulize bibi siku gani hasa alirudi, akumbuke kwa mazao au kwa kipaimara cha mtoto, bibi zetu tarehe hawana ila matukio wanayo.

Hapa ndo nataka ujue ninachokiona mimi kwenye maisha ya babu yako. Watu wanayagawa vipande viwili, mwanajeshi alafu mzee mwema wa kijiji, kana kwamba alikuwa watu wawili. Mimi kwenye karatasi hizi naona mtu mmoja. Aliyeandika 0700 ndo aliyesema mjane asitozwe, aliyepita Lukaya ndo aliyekwenda Mwanza, aliyechimba makaburi ya watu wasio na ndugu ndo aliyeona wenzake wakizikwa mbali na kwao. Msiandike maneno hayo kama nilivyoyasema mimi, yaacheni matukio yafuatane tu, msikilizaji atayaunganisha mwenyewe kanisani.

Kuhusu pombe. Nashukuru umeuliza, wengi wanaficha alafu kijiji kizima kinajua na wakati wasifu unasomwa watu wanatazamana. Wazee wengi wa Kagera niliowasikiliza wanasema walirudi, wakapokewa kwa ngoma na vigelegele, wakapewa likizo, alafu maisha yakaendelea, nchi nayo ilikuwa kwenye ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoiomba Mwalimu baada ya vita, sukari hakuna sabuni hakuna, nani angekaa na askari amuulize unalala vizuri? Wengine walipiga kelele usiku, wengine walipigana na wake zao, wengi walikunywa. Babu yako alikunywa, alafu akaacha. Mimi naona kuacha kwake ni moja ya mambo makubwa aliyofanya na kuna kijana hapo kanisani anahitaji kusikia kwamba hata yule mzee alipitia. Lakini mwenye ruhusa ni bibi. Yeye ndo aliyelala naye nyumba moja miaka ile, yeye ndo aliyeumia, usimzunguke hata kama mimi mtaalamu nimekubali na baba zako wamekubali. Akisema andika, andika sentensi moja au mbili bila kupamba na bila kuhukumu, mfano "Miaka ya kwanza baada ya vita ilikuwa migumu, alikunywa, na nyumba ilipata shida. Mwaka fulani aliacha na hakurudia." Mwaka huo bibi anaujua, nakuhakikishia. Akisema usiandike, usiandike, wala usimwulize mara ya pili.

Umeniuliza pia kama kuna mfano wa mzee mwanajeshi aliyekumbukwa vizuri. Angalieni alivyoagwa Jenerali David Musuguri, jirani yenu wa Butiama. Alizaliwa Januari 1920, akaingia jeshi la kikoloni la Keya 1942, akaenda mpaka Madagascar, ndo aliyeongoza Divisheni ya 20 iliyoingia Uganda, akawa Mkuu wa Majeshi 1980 mpaka 1988, akastaafu akakaa nyumbani miaka mingine 36, akafariki Oktoba 29 mwaka 2024 akiwa na miaka 104. Mtu wa hivyo historia yake inaandikwa na serikali, magazeti yapo, picha zipo, Maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam sehemu ya East Africana ukienda unaweza kukuta magazeti ya Uhuru ya miaka ya vita yenye majina ya makamanda. Sajinitaji jina lake halipo humo. Kwa Sajinitaji maktaba ni nyie, ni hizo kaunta buku na vichwa vya wazee kumi kijijini. Ndo maana nimekomaa na hili la mashahidi.

Sasa uandishi wenyewe. Tengenezeni vitu viwili tofauti, msijaribu kubana vyote kwenye karatasi moja. Wa kusomwa kanisani usizidi dakika saba au nane, watu wako juani na watoto wanalia, mchagueni msomaji mmoja mwenye sauti, ausome nyumbani kwa sauti kabla, mahali anapokwama pakatwe. Kijitabu ndo kibebe mengine, picha, kurasa za kaunta buku, orodha ya watoto na wajukuu, simulizi za watu kwa maneno yao. Na kule kwenye orodha ya watoto hakikisheni wote wapo, nasema wote, mnajua ninachomaanisha, nimeona kumbukumbu ya mzee ikageuka vita kwa sababu ya jina moja lililoachwa makusudi.

Ule wa kusoma usianze na "Marehemu alizaliwa". Anza na siku moja ya kawaida. Kwa niliyoyaona mimi kwenye madaftari ningeanza hivi, ubadilishe mtakavyo: "Jumamosi saa moja asubuhi, kama ulikuwa unapita kisimani miaka ya tisini, ulimkuta babu amechuchumaa chini ya pampu, spana mkononi, kaunta buku juu ya jiwe. Alikuwa anahesabu ndoo. Ukichelewa kikao aliandika jina lako, na ukiwa mjane aliandika usitozwe." Hapo watu watacheka kidogo, kila mtu atamwona, alafu ndo unarudi kuzaliwa, jeshi, vita kwa aya mbili tatu zenye tarehe ulizozihakiki, kisha Mwanza kama imethibitika, kisha kijiji kwa urefu. Maneno kama shujaa, mzalendo, mcha Mungu, mpenda watu, tumia moja tu kama lazima, maana yakijaa hayabebi kitu, kila marehemu kapewa. Badala ya kusema alipenda watoto sema alifanya nini na watoto.

Nishani zote mbili umesema moja ni ya Kagera na nyingine ya utumishi mrefu na tabia njema. Zipigeni picha mchana kivulini mbele na nyuma. Tafadhali msizisugue na Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, najua kila mwanajeshi mstaafu anayo nyumbani, ila mnafuta maandishi, na utepe usifuliwe. Picha za zamani msizipige lamineti, andikeni majina nyuma kwa penseli, bibi akiwa hapo, sasa hivi wakati anawatambua watu. Kwenye kijitabu msichape namba yake ya jeshi wala karatasi za pensheni, matapeli wanazisaka familia za wastaafu na bibi bado yuko kwenye mirathi.

Na bibi ndo wa kwanza kukaa naye kabla ya wote. Usimwekee simu usoni kama mwandishi wa habari, iweke kwenye kanga pembeni inarekodi na umwambie kwamba inarekodi, kaa naye akiwa anachambua mchele, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Msome naye kaunta buku ukurasa kwa ukurasa, mtajie majina, kila jina atakuambia huyu alikuwa nani na mwanae yuko wapi. Hiyo peke yake itakupa watu wa kuwatembelea miezi miwili. Rekodi ukizipata zihamishie kwenye kompyuta siku hiyo hiyo na memori kadi nyingine akae nayo ndugu wa mji mwingine.

Muda mlio nao unatosha mkianza wiki hii. Ukishafungua tranka tena nitafutie karatasi ya kustaafu ya 1991, mara nyingi wanaiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na risiti, ipige picha mbele na nyuma unitumie, maana ikiwa na jina la kikosi tutajua kama kweli alikuwa 208 na wazee wa kuwauliza nitakutajia wapi pa kuanzia kuwatafuta. Nitumie pia ile kadi ya Msalaba Mwekundu upande wa nyuma, uliyonitumia ina upande wa mbele tu na muhuri unaonekana umepenya kutoka nyuma lakini hausomeki. Msalimie sana bibi, mwambie shikamoo yake nimeituma.